Magurudumu ya Vipul Yaliteleza au Yalishika?

Ukitaka kujua Katoro imeamkaje, usihangaike kwenda kwa mtendaji. Nenda kwenye kiti cha Landrova. Kilikuwa kiti cha nyuma cha gari lililokufa zamani, kimeng'olewa na kuwekwa mbele ya gereji ya Fundi Deo chini ya mabati mawili, kikitazama uwanja wa mnada wa ng'ombe. Hapo ndipo Klara alipokuwa akitua birika lake la kahawa ya tangawizi kila asubuhi, na hapo ndipo wazee wa kijiwe, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mzee, walipokuwa wakipanga na kupangua mambo ya dunia. Mwaka ule, tisini na nane, mvua za El Nino zilikuwa zimezila barabara zote, na kiangazi kimezikausha na mashimo yake hivyohivyo. Kipande pekee cha ardhi kilichonyooka kilikuwa pale mnadani, na siku isiyo ya mnada hakukuwa na ng'ombe. Ndiyo sababu Vipul alikichagua kwa majaribio ya gari lake.

Jumamosi ya majaribio hayo Deo mwenyewe, mwenye gereji na mwenye kiti, ndiye aliyefika wa mwisho. Alikuwa na vumbi jekundu kuanzia kidevuni hadi magotini, akakaa pembeni kabisa kama mtu aliyekuja kukopa. Gari lilikuwa limetoka kuondoka, na harufu ya petroli ilikuwa bado inaelea. Deo alikuja kijiweni na shida moja tu, nayo ilikuwa ya aibu: alitaka asikie kwa wenzake kile ambacho yeye ndiye aliyetakiwa kukiona.

Mambo yalikuwa hivi. Vipul, mtoto wa Mzee Ramniklal wa duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na Subaru ya mashindano, na Jumapili ya wiki iliyofuata alikuwa aipeleke kwenye mbio za magari Mwanza. Ndugu yake aliyeko Uingereza alimtumia kisanduku cha kompyuta na disketi. Programu iliyokuwa kwenye disketi ile haikuwa na kazi nyingine ila kuliondoa gari kwenye mstari wa kuanzia mbio. Dereva anakanyaga klachi, anakandamiza mafuta mpaka mwisho, na injini haikimbii ovyo: programu inazikatia plagi moto, inaurudisha, inaukata tena, inaishikilia injini pale pale mpaka dereva aachie klachi. Hapo gari linachomoka na nguvu zake zote.

Deo alikuwa ameng'oa kisanduku cha zamani chini ya dashibodi na kuunga nyaya moja moja, huku Vipul akibonyeza kompyuta yake ya kukunjwa kwa umeme wa jenereta ya dukani. Kilichobaki kilikuwa kuamua injini ishikiliwe juu kiasi gani kwa ardhi ya changarawe. Ikishikiliwa juu mno, magurudumu yanateleza na kuchimba. Ikishikiliwa chini mno, gari linakosa pumzi. Aliyeko ndani haoni vizuri, kwa hiyo Vipul alimwambia Deo kazi yake siku hiyo ni moja tu, kuyatazama magurudumu. Mzee Ramniklal naye akaongeza la kwake: kama hadi adhuhuri hakuna wa kumweleza magurudumu yamefanya nini, kisanduku kitolewe, cha zamani kirudishwe, na fundi wa kwenda na mwanawe atatafutwa hukohuko Mwanza. Hatampandisha mwanawe kwenye kitu ambacho hakuna anayekielewa.

Deo alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba anakwenda Mwanza. Alikuwa ameshamwambia mkewe, kwaya nzima ya kigango, hata mtu wa kumnyoa.

Lakini hakuna aliyewaambia watu wa Katoro kwamba plagi zikikatiwa moto, petroli isiyoungua ndani inakwenda kuungulia kwenye eksozi. Vipul alipokandamiza mafuta, eksozi ikaanza: pa. Pa. Pa-pa-pa. Na nusu ya watu waliokuwa mnadani walikuwa watu wa maduara, wale waliokula miaka yao kwenye mashimo ya dhahabu. Kule baruti ikiwashwa unalala kifudifudi, unafumba macho, unafunika kichwa, unahesabu. Aliyewasha tambi za baruti anajua amewasha ngapi. Hesabu ikitimia, mnainuka. Isipotimia, haondoki mtu, kwa sababu kuna moja imegoma na itaamka inapotaka yenyewe.

Deo aliacha duara zamani akashika spana, na alikuwa na tabia ya kuwacheka waliobaki. Ile pa ya kwanza ilimkuta amesimama. Ya pili ilimkuta chini. Alipofumbua macho, Subaru ilikuwa kitu kidogo cheupe upande wa pili wa uwanja, na kundi la watu lilikuwa limeshafika pale gari lilipoondokea, wanakanyagana, kwa kuwa kila mmoja alidhani hesabu yake imetimia, na baada ya baruti mchimbaji hukimbilia kuona mwamba umefungua nini. Alama ya gurudumu hata moja haikusalia.

Sasa alikuwa kijiweni, akijifanya anatafuta kikombe.

— Jamani, akasema, mmelionaje lile gari lilivyoondoka?

Wa kwanza kujibu alikuwa Maganga, aliyeitwa Karasha kwa sababu alikuwa na mashine ya kusaga mawe, na mdomo wake nao ulikuwa hauzimwi. Miguuni pake palikuwa na kiroba kilichojaa nusu.

— Lilichimba, bebe, akasema, akimwita wewe kwa Kisukuma. Gurudumu liliingia ardhini mpaka nusu. Udongo wake huu hapa, mchana nausaga.

— Uliona kwa macho?

— Sasa udongo nimeutoa wapi?

Deo akakitazama kiroba. Kama gari limechimba, programu imeshindwa, na Mwanza imekwenda. Lakini Marcel akacheka puani. Huyu walimwita Gramu. Alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu, mizani yake haikutoka mfukoni hata kanisani.

— Halikuchimba hilo, akasema Gramu. Lilinyanyuka. Mimi kazi yangu ni uzito, nikikitazama kitu najua kina kilo ngapi, na gari lile lilipoondoka halikuwa na uzito wowote. Chini yake angepita kuku.

— Magurudumu yalikuwa yanazunguka? akauliza Deo.

— Yatazungukia wapi na yako hewani?

Hapo Selestine akakohoa. Yeye alitoka Runzewe, na jina lake la kijiweni lilikuwa Redio, kwa maana hakuwahi kusema jambo bila kusema amelisikia mahali. Akawaambia wote wawili wamekosea. Amesikia kwamba Wazungu wamegundua kompyuta zinazoitanguliza safari mbele ya gari. Gari liliondoka kwanza kabisa, kimyakimya, na ile milio yote waliyoisikia ilikuwa inalifuata nyuma kulitafuta.

— Kwa hiyo ulipoisikia pa ya kwanza, akasema Deo polepole, gari lilikuwa limeshaondoka?

— Limeshafika.

— Na katikati ya uwanja lilipita upande gani?

— Katikati halikupita, akasema Redio. Ndiyo maana ya programu.

Karasha hakukubali kushindwa kirahisi hivyo. Akasema, basi kama ni hivyo, kilichochimba hakikuwa gari bali nguvu iliyobaki nyuma, na nguvu ya namna hiyo ndiyo inayoleta dhahabu juu. Akitia udongo ule kwenye karasha, jioni wote watamwamkia shikamoo. Gramu akatoa mizani, akaomba apewe udongo ule kidogo, kiasi cha ugoro, aupime. Redio akasema amesikia kuna mkoa ambako wameacha kuchimba kwa sururu, wanaleta Subaru tu. Deo alimsikiliza kila mmoja kwa makini ya mtu anayezama. Alipima maneno yao, akayapanga, akajaribu kuyafanya yawe gari moja lililoondoka mara moja, na hayakukubali. Akamgeukia Klara.

— Mama, wewe ulikuwa umesimama hapahapa. Uliona nini?

Klara alikuwa anapanga vikombe. Akasema yeye na magari wapi na wapi, yeye anauza kahawa.

— Na kahawa yenyewe leo ina mchanga, akalalamika Gramu, akitema pembeni.

Klara alifuta mdomo wa birika kwa pindo la khanga, na Deo akaona birika lina vumbi jekundu ubavu mzima. Kisha akaiona khanga yenyewe, nyekundu kuanzia kifuani. Akalitazama shati la Gramu. Akamtazama Karasha, akamtazama Redio, magotini, tumboni, kidevuni, wote wekundu kama yeye. Kabla hajasema neno, Mzee Ramniklal alikuwa amefika.

Alikuja kwa miguu kutoka dukani, shati jeupe limenyooshwa, leso mkononi. Watu wakasogea kwenye kiti.

— Shikamoo, Baba Vipul.

— Marahaba. Mwangaluka, wote. Vipul yuko kule ng'ambo anasubiri injini ipoe. Saa inakwenda. Mimi nauliza kitu kimoja tu: magurudumu yaliteleza, au yalishika?

Karasha, ambaye mdomo wake ulikuwa hauzimwi, alizimika. Gramu akarudisha mizani mfukoni. Redio akatazama juu, upande wa mabati, pengine taarifa ingetokea huko. Kisha wote watatu wakamtazama Deo, kwa sababu kila mtu Katoro alijua nani aliyekabidhiwa magurudumu yale.

Deo angeweza kusema yalishika. Lilikuwa neno moja, na lilikuwa mdomoni. Lakini akamfikiria Vipul mstarini kule Mwanza, mguu kwenye klachi, amelibeba neno lile.

— Baba Vipul, akasema, sikuona. Nilikuwa nimelala chini, macho nimefumba. Niliposikia ile milio, mwili ulifikiri ni baruti. Mimi sikuulizwa.

Uso ulimwaka. Akasubiri kicheko, na hasa kicheko cha Karasha, ambaye Deo alishamtania mara nyingi kwamba hata mlango ukibamizwa anatafuta pa kulala. Kicheko hakikuja.

— Na mimi, akasema Karasha, akakisukuma kiroba nyuma ya miguu yake.

— Mimi nililala nikameza na ugoro uliokuwa mdomoni, akasema Gramu.

Redio akasema amesikia kwamba na yeye alilala. Klara akasema yeye hakulala, aliliinamia birika lisimwagike, ila aliinama mpaka chini.

Mzee Ramniklal akawatazama mmoja mmoja, vumbi kwa vumbi. Halafu akajifuta paji la uso, na mabega yakaanza kumtikisika.

— Mimi nilijua ni majambazi, akasema. Nilikuwa chini ya kaunta. Muuza duka wangu alikuwa huko kabla yangu.

Hapo ndipo kicheko kilipokuja, cha wote, hata waliokuwa wanapita wakasimama kuuliza kuna nini. Mzee aliwaacha wacheke, kisha akakunja leso na kusema neno lake liko palepale: adhuhuri haijafika, lakini mtu wa kuona bado hajapatikana, na Katoro nzima haina mtu wa kusimama.

Deo akautazama uwanja. Kichwa kilikuwa kimetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Hatuhitaji mtu wa kusimama, Baba Vipul. Magurudumu yako chini. Kosa halikuwa kulala, kosa ni kufumba macho. Mwambie Vipul arudie. Mimi nitalala mapema, kabla hajawasha.

Mzee akafikiri. Akauliza kama huko chini kunaonekana vizuri kweli, na Deo akasema hakuna mahali panapoonekana vizuri zaidi. Basi, akasema mzee, na mimi nitaona mwenyewe.

Subaru ikarudishwa polepole mpaka kwenye mstari. Deo akachagua mahali pembeni, mbali na njia yake, akalaza kidevu kwenye vumbi. Kushoto kwake akalala Karasha, kisha Gramu, kisha Redio. Klara akaja na birika lake, akakaa nalo chini akilikumbatia. Kulia kwa Deo, Mzee Ramniklal akatandika leso, akapiga goti, akajilaza na shati lake jeupe taratibu, akiguna.

Injini ikapanda. Pa. Kope za Deo zikataka kufunga, akazishika kwa vidole. Pa-pa. Moto mdogo wa bluu ulichungulia kwenye eksozi. Pa-pa-pa, mikono ya Karasha ikafunika kichwa, Gramu akawa anamwomba Mama Maria. Deo alikuwa anatetemeka mwili mzima, na alikuwa anaona. Klachi ikaachiwa. Magurudumu yote manne yakazunguka patupu kidogo sana, changarawe chache zikaruka nyuma, kisha yakauma ardhi na gari likaondoka, zito na la chini, likiacha mistari miwili safi.

Furaha ilimpanda Deo mpaka machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

— Yameshika, akasema Mzee Ramniklal, kidevu bado kwenye udongo.

— Yameteleza kidogo, kisha yakashika. Tukiishikilia injini chini kidogo tu ya hapo, hayatateleza kabisa.

— Nimeona. Mwambie mkeo akuandalie begi la Mwanza.

Vumbi likatua. Kule ng'ambo Vipul alishuka garini, akapunga mkono. Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeinuka. Karasha alikuwa anahesabu kwa midomo. Gramu naye alikuwa anahesabu, na hesabu zao hazikuwa sawa. Mzee Ramniklal, ambaye hakuwahi kuingia duara maishani mwake na alitaka kufuata taratibu za wenyeji, akasubiri kwa adabu mpaka shingo ikamuuma.

— Sasa, akamnong'oneza Deo, tunaamka lini?

Deo akamtazama Karasha, Karasha akamtazama Gramu, Gramu akamtazama Redio. Hakuna aliyejua Vipul aliwasha ngapi.