Mstari wa Revocatus Machibya

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Nyamuswa, na ninyi mliotoka Musoma kwa gari la ofisi, kaeni vizuri kwenye viti, maana historia hii haitakuwa fupi na haitakuwa tamu, na wale waliotamani isomwe haraka haraka ili waanze safari ya kurudi watatuvumilia, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza isilainishwe, na sisi tunaomzika tumekubali kwa shingo upande.

Revocatus Machibya alizaliwa hapa Nyamuswa, Wilaya ya Bunda, tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Machibya Ngusa, mkulima wa pamba na mfugaji, na mama yetu Yunis, aliyekaa pale kwenye mkeka, ambaye tangu Jumanne hajatia kitu cha maana mdomoni. Tusidanganyane mbele ya jeneza, tangu utoto alikuwaga mbishi, mtu wa kumaliza hoja hata kama chakula kinapoa, na waliosoma naye hapa shule ya msingi kuanzia mwaka 1987 hadi 1993 wanakumbuka alivyochapwa kwa kumwambia mwalimu kwamba jibu la ubaoni limekosewa, na jibu kweli lilikuwa limekosewa, lakini viboko alivila vyote. Mwaka 1994 alijiunga na sekondari ya bweni mjini Musoma, akamaliza kidato cha sita mwaka 2000, akaenda Chuo Kikuu Dar es Salaam na kuhitimu shahada ya hisabati mwaka 2004, na huko ndiko alikokutana na Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta ambayo wenzake waliicheka kwamba ni ya mababu, yeye akaing'ang'ania, akasema mababu walikuwa hawabahatishi.

Tarehe 3 Julai 2006 aliajiriwa Musoma, katika ofisi inayotabiri kina cha ziwa, ambayo jina lake hatulitaji kwa sababu wenyewe wamekaa mstari wa mbele na wanajijua. Pale alikuta programu ya Fortran iliyoandikwa zamani na watu waliokwisha kustaafu, akaifanya mali yake, akiilinda kama watu wanavyolinda mbegu, na mtu akiigusa bila kumwambia, siku hiyo ofisini hapakaliki.

Tarehe 18 Septemba 2010 alifunga ndoa na Nyangi, binti wa Kiabakari, Wilaya ya Butiama, na Mungu akawajalia watoto wawili, Enos aliyezaliwa mwaka 2012 na Hyasinta aliyezaliwa mwaka 2016. Nyangi amemvumilia sana, hilo halina mjadala, maana mume huyu alikuwa anarudi nyumbani na hasira za mashine, analala nazo, anaamka nazo, na chai ikichelewa anauliza kosa la kwanza lilianzia wapi.

Mwaka 2013 aliajiriwa ofisini hapo kijana wa Buhemba, Onesmo Alfonce, na hawa wawili wakafanya kazi dawati moja, wakila ugali na sato sahani moja, hata Enos akawa anamwita baba mdogo. Mwaka 2021 zilipoletwa kompyuta mpya, ile programu ya zamani iligoma. Kwa wasioijua kazi hii, kipo kitu kinaitwa kompaila, ndiyo inayosoma alichoandika mtu na kukigeuza kuwa lugha ya mashine, na ikikuta kosa inakataa kabisa na kutaja ni mstari gani, na siku ile ilitaja makosa mpaka skrini ikajaa. Walifanya kazi hiyo miezi, Onesmo akisoma kosa kwa sauti, Revocatus akitafuta mstari, na utaratibu wao ulikuwa mmoja, wanarekebisha kosa la kwanza tu kisha wanaanza upya, kwa sababu mengi ya chini yake huwa yamezaliwa na hilo la juu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye maneno. Mbali na makosa, kompaila ina maonyo, yaani haikatai kazi ila inakunong'oneza kwamba hapa pana mashaka, na programu ile kwa uzee wake ilitoa maonyo mengi mno. Onesmo akataka yasomwe yote, hata kama yatachukua mwaka, Revocatus akasema hapigiwi kelele na mashine, akayazima, na mkubwa wao, Bwana Leodgar, aliyekaa pale na miwani myeusi, akafurahi kwamba skrini imekuwa safi na kazi inaenda.

Mvua za masika za mwaka 2024, programu ikatabiri kwamba ziwa litapanda kidogo tu, watu wa vijiji vya kando ya ziwa wakatangaziwa, wakapanda mahindi na mihogo mpaka chini bondeni, na mwezi wa tano maji yakaingia mashambani, yakaingia majikoni, wakahamia madarasani na watoto na mbuzi. Tarehe 6 Juni 2024 ofisi ikaita kikao kutafuta mkosaji, na kaka yetu akasimama, akamnyooshea kidole mtu aliyekuwa anakula naye sahani moja, akasema, "Huyu ndiye aliyeshika mafaili mwisho." Onesmo aliomba jambo moja, maonyo yawashwe yasomwe, akaambiwa anatafuta pa kujificha, na Bwana Leodgar, ambaye hajawahi kusoma mstari mmoja wa programu ile, akamwachisha kazi wiki hiyo hiyo, kwa kuwa alihitaji jina la kupeleka juu na jina limepatikana.

Onesmo akarudi Buhemba, akawa anachaji simu za wachimbaji na kuwachapia watu barua, kila alikoomba kazi wakipiga simu Musoma kuulizia wanajibiwa kwamba ndiye aliyezamisha vijiji. Na ukoo huu haukubaki nyuma, tulimnunia barabarani, tukamsema kwenye misiba ya watu, na tulifanya hivyo kwa bidii.

Januari mwaka 2025 Revocatus aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa Musoma, akapelekwa Mwanza, akarudishwa Musoma, na tarehe 20 Oktoba alifuatwa wodini na Mzee Alfonce, baba yake Onesmo, mtu mzima anayetembelea fimbo, aliyepanda bodaboda kutoka Buhemba kuja kuomba neno moja tu la kumsafisha mwanawe. Alimfukuza. Alimfukuza mzee wa watu kwa sauti ambayo manesi waliisikia, kisha kwa hasira ile ile akamwamuru Nyangi amletee kompyuta, akasema leo atawaonyesha ushahidi ambao mwizi huyo hataukimbia, na ili asimwachie Onesmo hata upenyo, akayawasha maonyo yote.

Fortran ile ya zamani ina mpaka, waombolezaji, kila mstari unaishia herufi ya sabini na mbili, na kinachozidi hapo kompaila haikisomi, haikikatai wala haikitaji mpaka uombe maonyo, sawa na mwanafunzi anayeandika jibu nje ya mstari mwekundu wa pembeni na msahihishaji asihangaike nalo. Katika ile kanuni ya kujumlisha maji yanayoingia ziwani, mstari mmoja ulikuwa umesogezwa kulia ili upendeze kuutazama, ukavuka mpaka, na kipande kilichoachwa nje kilikuwa maji ya Mto Mara. Mashine ilikuwa inajumlisha ziwa bila mto. Na mstari ule Revocatus aliujua, maana aliuandika mwenyewe, wiki ambayo Onesmo alikuwa Buhemba akimzika mama yake.

Nyangi anasema mumewe alifunga kompyuta, akageukia ukutani, na chakula cha jioni hakukigusa, na asubuhi akasema, "Mstari ni wangu. Siku ya kunizika msome hivyo, ofisi ikiwepo, na msilainishe." Nyangi akamwambia ampigie Onesmo, akasema atapiga. Simu ilikuwa na chaji, sauti ilikuwepo, wiki tatu nzima aliwapigia mafundi wa bati, akawapigia waliompangisha shamba, Onesmo hakumpigia. Alifariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, na kwa hili tumemkasirikia, tunamlia na tumemkasirikia, hatuoni sababu ya kuficha.

Juzi ukoo ulikaa, wengi tukasema jambo hili lizikwe naye, kwa nini tumvue nguo ndugu yetu mbele ya wageni, na leo asubuhi Bwana Leodgar naye akatuletea historia aliyoichapa mwenyewe, imeandikwa "mtumishi asiye na doa", akaomba tusome hiyo. Nyangi hakubishana na mtu, alisema tu kwamba tukisoma ya Leodgar yeye atasimama na kusema ya mumewe, akiwa na kitambaa chake cha ujane kichwani. Ndiyo maana mnasikia haya, na karatasi ya ofisi iko jikoni, waliotaka kuwashia moto wameruhusiwa.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa Musoma na Mwanza, ambao aliwagombeza na bado walimgeuza kitandani kwa upole, tunawashukuru majirani wa Nyamuswa kwa maji, kuni na usiku mliokesha nasi, na wanajumuiya kwa sala. Wafanyakazi wenzake, mlipiga makofi kwenye kile kikao, kwa hiyo leo hatuna shukrani kwenu, na Bwana Leodgar, ukifika Musoma, hao unaowajibu kwenye simu wajibu ulichosikia hapa, maana mashahidi wako wamejaa uwanja mzima.

Onesmo yupo, amesimama nje ya uzio na baba yake tangu asubuhi, kwa sababu vijana wetu walimzuia kuingia. Vijana, fungueni. Onesmo, hatujui kuomba radhi vizuri katika ukoo huu, hatukulelewa hivyo, lakini mama Yunis amesema baada ya watoto utatupa udongo wewe, ndipo sisi, na kama hutaki ukageuka ukaenda zako, hakuna mtu hapa atakayekunung'unikia.

Na wewe Revocatus, uliyetuachia kazi ya kusema ulichoshindwa kusema ulipokuwa na mdomo, tumesema, ofisi imesikia, hatukulainisha. Lala sasa.