Risala ya Wazazi wa Darasa la Pili Kuhusu Jibu la Swali la Tatu

Mgeni rasmi, mratibu wa elimu, mwalimu mkuu, walimu na wazazi wenzetu,

KARIBU TENA

Tunasema "tena" kwa sababu wewe si mgeni kwetu. Uliwahi kufika hapa kufungua maktaba, ukakata utepe, ukapigiwa makofi, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliopiga. Karibu sana. Tuliombwa risala iwe fupi na yenye shukrani. Rasimu ya kwanza mwalimu mkuu aliturudishia akisema haina shukrani. Ya pili akasema shukrani zimo, ila zimekaa kikejeli. Hii ni ya tatu na hakuiona, atusamehe. Anayeisoma ni fundi cherehani, mama wa mapacha wa darasa hilo, na maneno haya ni yetu sote.

HISTORIA FUPI

Siku ya ufunguzi, maktaba ilikuwa na vitabu. Tuliviona kwa macho yetu. Vililetwa asubuhi kwa gari kutoka shule nyingine, vikapangwa rafuni, ukapigwa picha navyo, na jioni gari lilelile likaja kuvichukua, pamoja na madawati yaliyoazimwa kwa ajili ya siku hiyo. Tukaambiwa vyetu viko njiani. Tangu hapo chumba kile kimehifadhi saruji, kikahifadhi pikipiki ya mratibu, na sasa pikipiki hiyo inalala pamoja na viti vya kukodisha. Viti mlivyokalia vimetoka humo leo asubuhi. Kumbukumbu iliyobaki ya siku ile ni hotuba yako, ambayo mwalimu mkuu aliichapisha kwa herufi kubwa, akaitia fremu na kuitundika ofisini kwake.

MAFANIKIO

Tuna fanikio moja tu, nalo ni mwalimu. Darasa la pili lilipompata, binti mwembamba mwenye sauti ndogo, tulimdharau. Tulisema watoto watampanda kichwani. Kabla muhula haujaisha, watoto walikuwa wanasoma kila kilichoandikwa: maboksi ya sabuni, risiti za dukani, maandishi ya nyuma ya malori. Mtoto wa dereva wa lori, ambaye hata jina lake alikuwa analichora tu, siku moja alimsomea baba yake kibandiko cha mlango wa lori kinachokataza kuzidisha mzigo, kisha akamuuliza kwa nini amezidisha. Dereva alinuna siku nzima, halafu akaja mwenyewe shuleni kumshukuru mwalimu.

Ikafika zamu ya kupima usomaji wa habari za kweli. Mtaala unataka mtoto alinganishe mambo ya zamani na ya sasa, na ajue kutofautisha habari ya kweli na hadithi. Hapo mwalimu akakwama, maana vitabu vya darasa ni vya sungura na fisi vitupu. Alitafuta shule nzima habari ya kweli hata moja ya kuwapa watoto, akaikosa, mpaka siku alipoitwa ofisini kutia saini, akainua macho ukutani. Akaomba ruhusa, akainakili hotuba yako, akaifupisha kwa sentensi nyepesi kama hizi: Zamani watoto walikaa sakafuni, sasa wanakaa kwenye madawati. Zamani shule haikuwa na maktaba, sasa ina maktaba iliyojaa vitabu. Mgeni rasmi, hakuwa na nia nyingine yoyote. Alifurahi kupata kitu cha kusomesha, basi.

Maswali yalikuwa matatu. La kwanza, taja mambo ya zamani; la pili, taja mambo ya sasa. Kwa hayo watoto hawakubabaika. La tatu liliuliza: je, hii ni habari ya kweli au ni hadithi, na umejuaje? Karibu darasa zima liliandika kwamba ni hadithi.

CHANGAMOTO

Sababu walizotoa ndizo zilizotuletea balaa. Mmoja aliandika kwamba ni hadithi kwa sababu yeye anaandika akiwa amekaa chini. Mwingine alisema alikwenda kuchungulia maktaba akaona pikipiki. Mwingine akaandika, "Sungura hayumo, lakini ni hadithi." Mapacha wa msomaji wenu waligawanyika: mkubwa aliandika hadithi, mdogo akaandika ni kweli, kwa sababu imetiwa fremu.

Mwalimu alishika kichwa. Jibu alilokuwa amelipanga ni "habari ya kweli", kwa kuwa inahusu watu halisi na mahali halisi. Lakini watoto walikuwa wamefanya kilekile alichowafundisha, kusoma sentensi, kuinua kichwa na kulinganisha. Alihangaika na karatasi zile, mwisho akawapa wote alama kamili, hata yule wa fremu, kwa kuwa naye alitoa sababu.

Mambo yangeishia hapo. Ila mwalimu mkuu alitaka kazi za watoto za kukuonyesha leo. Akaona karatasi zenye alama nzuri, akamkabidhi mratibu bila kusoma hata moja. Mratibu akasoma. Alikuja shuleni mbio, akamwita mwalimu mbele ya wenzake.

"Nani amewafundisha watoto kuandika hivi?"

"Mimi nimewafundisha kusoma, bwana," mwalimu akajibu. "Mengine wameyaona wenyewe."

Kwa jibu hilo aliondolewa darasani. Watoto wetu wakaunganishwa na darasa la tatu, wamebanana hadi mlangoni, na mwalimu wa huko hana budi kuanza na wale wakubwa. Mtoto wa dereva ameacha kusoma. Baba yake anatuambia kwamba akimwonyesha kibandiko kile cha mlangoni, mtoto anageuza uso. Hilo linatuuma kuliko habari yote ya madawati.

Kama hiyo haitoshi, mtihani unarudiwa wiki ijayo. Jibu la swali la tatu limeshaandikwa ubaoni ili walinakili, na atakayeandika vingine atarudia darasa. Tulipowaeleza watoto, pacha mdogo, yuleyule wa fremu, alisema sawa, ila anataka kwanza kwenda kuiangalia maktaba kabla hajaandika. Tumjibu nini? Wasipojua kusoma tunalaumiwa, wakijua tunalaumiwa zaidi. Mgeni rasmi, tumechoka, na tunasema hivyo bila kuuma maneno.

MAOMBI

Tulishauriwa tuombe madawati, vitabu, bati na vyoo. Hayo tumeyaomba kila alipokuja mgeni, tukazungushwa mpaka tukazoea. Leo hatuombi hata dawati moja. Wala lawama hatukutupii wewe. Siku ile uliposema "sasa", vitabu na madawati vilikuwa mbele yako, nawe ulisema ulichokiona. Watoto nao wamesema walichokiona. Tunaomba jibu lile lifutwe ubaoni, na mwalimu arudi darasani kwake.

Huna haja ya kuuliza yuko wapi. Tangu alipoondolewa amepewa kazi ya kuhudumia wageni. Ndiye aliyekufungulia mlango wa gari, na ndiye aliyekuwekea maji hapo mezani. Sasa hivi amesimama nyuma ya kiti chako, ameshika trei, na tangu tulipoanza kumtaja anatutikisia kichwa tunyamaze. Hatunyamazi. Tafadhali geuka umwone, kisha umwambie mwenyewe, hapa mbele yetu, arudi kufundisha.

Mungu akujalie afya na moyo wa kusikiliza, awalinde watoto wetu na yule anayewafungua macho.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Pili.