Tunaomba Jiwe Lisogee Kidogo

Risala ya wanafunzi wa darasa la mwisho, siku ya kuweka jiwe la msingi la jengo la walimu

Mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu, mafundi wa ujenzi mliotuazima turubai hili, na nyinyi wadogo zetu wa darasa la kwanza mlioambiwa mnyamaze na tunaona mnavyojitahidi: tunawasalimu nyote kwa heshima na kwa furaha kubwa.

KARIBU

Karibu sana, mgeni rasmi. Uwanja tumeufagia mara mbili, kwa sababu tulipomaliza mara ya kwanza upepo ulirudisha kila kitu mahali pake. Viti unavyoviona havifanani kwa kuwa vimetoka majumbani kwetu. Hicho ulichokalia ni cha Mwalimu wa Sayansi na ndicho pekee kisicholia mtu akijigeuza.

Risala hii tumeiandika wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili aliisahihisha akaturudishia jana mchana, na sisi tukaongeza mambo machache baada ya hapo. Ukisikia kosa kuanzia katikati, ni letu, yeye asilaumiwe.

TULIKOTOKA

Shule yetu ilifundisha kwa chaki, kwa sauti na kwa vitabu vya kugombania. Kitabu kimoja cha sayansi kilisomwa na watu watano, na aliyekaa pembeni alisoma nusu ya kila mstari, nusu nyingine akimwachia Mungu. Mwalimu wetu wa Sayansi anajua mengi, lakini mkono wa kuchora hakujaliwa. Moyo aliowachorea dada zetu na kaka zetu ubaoni walidhani ni kiazi, na kwenye mtihani wakachora kiazi, kikiwa na majani yake.

Tuko bondeni, mgeni rasmi, katikati ya maghala na maghorofa, na mtandao wa simu hautufikii. Siku moja Mwalimu wa Sayansi alikwenda nyuma ya darasa letu kumwaga chai iliyopoa. Simu yake ikaanza kulia mfululizo. Zilikuwa ni jumbe za wiki nzima, zote kutoka kwa mkewe, na ile ya mwisho ilikuwa kali. Alipoinua macho akaona kwamba kati ya tangi la maji na ukuta wa ghala pana upenyo, na ndani ya upenyo huo mnara wa simu unaonekana wote, juu mpaka chini.

Kwa mkewe aliomba radhi papo hapo. Kwetu sisi, kona ile imekuwa Kisimani, maana kila asubuhi walimu hupanga foleni pale, simu mkononi, wakiteka masomo ya kutwa. Wakiisha kuyapakua, wanatuletea darasani.

TULIYOVUNA

Fundi anayepiga video za harusi, jirani yetu hapa, hutuazima projekta yake kila Jumanne, kwa sababu Jumanne hakuna anayeoa. Pazia letu ni shuka la mke wa Mwalimu wa Sayansi, na sasa hao wawili wamepatana. Shuka lenyewe ni la maua. Basi tuliuona moyo wa mtu ukidunda katikati ya waridi, ukifungua milango yake na kuifunga, damu ikiingia na kutoka. Mwenzetu mmoja alijishika kifua akasema, "Kumbe wewe huko ndani hujawahi hata kupumzika!" Darasa zima tukajishika vifua. Kimya kilichoingia siku ile hata viboko visingeweza kukileta.

Video hizo ni za bure. Zimetengenezwa na walimu wa mbali tusiowajua, wakaruhusu yeyote azitumie. Hapa kwetu hakuna video inayoanza kabla Mwalimu hajasoma jina la aliyeitengeneza na sisi kulipigia makofi. Majina mengine yanamshinda kutamka. Tunapiga makofi vivyo hivyo.

Tumejifunza pia kwamba akili za kuambiwa changanya na zako. Ukurasa mmoja wa mtandaoni ulituambia popo ni ndege, nasi tukaandika hivyo wote, kwa mwandiko mzuri. Mwalimu akauliza, "Haya, nani kati yenu ameshaona yai la popo?" Tangu hapo tunatazama kurasa mbili au tatu kabla ya kuandika neno.

Mwalimu wa Kiswahili alitupatia maktaba ya hadithi za bure, tukazisoma mpaka tukapata hamu ya kuandika yetu. Tuliandika juu ya mbuzi aliyekula ratiba ya mtihani, tukaipandisha mtandaoni pale Kisimani. Baada ya muda watoto wa nchi nyingine wakatuandikia: "Huyo mbuzi tunaomba mtuazime kabla ya mtihani wa mwezi ujao."

Hatuwezi kumsahau mwalimu wetu wa Hisabati, tunayemwita Babu Kipeo, naye anajua na anaitika. Mwanzoni hakutaka kabisa. Alisema, "Mtandao huo utawalea kama mayai, mazoezi hamtafanya!" Walimu wenzake wakambembeleza arekodi somo moja tu la hesabu za sehemu, litumwe kwenye kundi la wazazi. Akakubali kwa shingo upande. Akawasha video, kisha akaiweka simu sikioni kama anayeongea na ndugu yake, akafundisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wazazi wote walipokea somo zima la sikio la Babu Kipeo.

Tulicheka mpaka tukalia, yeye akiongoza. Lakini sauti yake ilikuwa safi, na kwa somo lile kuna mtu alielewa sehemu kwa mara ya kwanza.

MWENZETU KASUKU

Mtu huyo ni mwenzetu Kasuku, tuliyempa jina hilo kwa sababu anarudia kila anachosema mwalimu, mpaka kikohozi. Mwanzoni mwa muhula huu aliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwao akavunjika mguu. Amefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Wanakaa ghorofa ya juu, yeye na mama yake fundi cherehani, na mama hawezi kumbeba kumshusha na kumpandisha kila siku. Tulidhani mwaka wake umekwisha.

Usiku ule wa sikio alituma ujumbe wa sauti: "Babu, nimeelewa. Nipe swali." Akapewa, akapata. Tangu siku ile Babu Kipeo ndiye wa kwanza kufika Kisimani. Anasimama juu ya benchi kwa magoti yake yale yale mabovu tunayoyajua, anamtumia Kasuku somo la siku, na walimu wengine wanafuata. Majibu yanarudi kwa sauti, na nyuma yake tunasikia cherehani. Cherehani ya mama Kasuku haijakosa kipindi hata kimoja.

Kwenye jaribio la mwezi uliopita, ambalo alipelekewa nyumbani, Kasuku alikuwa wa tatu. Sisi wenye miguu miwili tuliona haya kidogo, kisha tukafurahi sana. Daktari amesema plasta itatoka karibu na mtihani wa mwisho. Tumeahidiana kuufanya pamoja, darasa zima, asibaki mtu nyuma.

CHANGAMOTO

Kuanzia hapa, Mwalimu Mkuu anasikia pamoja nawe kwa mara ya kwanza. Mgeni rasmi, tunakuomba kwa sasa usimtazame.

Walimu wetu hawana ofisi. Wanasahihishia madaftari barazani, na upepo ukivuma wanasahihisha wakikimbia. Jengo hili ulilotuletea ni neema, na tulipopata habari zake tuliruka mpaka benchi likavunjika mguu. Kwa hiyo tafadhali usije ukadhani hatulitaki.

Sasa tunakuomba utoe simu yako. Tazama alama za mtandao. Zimejaa, sivyo? Ulipokuwa pale langoni haikuwa na hata moja. Hapa ulipokaa, mgeni rasmi, ndipo Kisimani. Ule upenyo uko mbele yako, na shimo lenye utepe mwekundu, unakokwenda kulaza jiwe, liko katikati yake. Jengo la ghorofa mbili likisimama hapa, mnara hatutauona tena.

Walimu wanajua. Baraza haina mlango, kwa hiyo tuliwasikia wakiongea. Mwalimu Mkuu alisema, "Jamani, jengo tumelingoja mno. Tukianza kuchagua pa kulijengea, litakwenda kwa wengine. Tunyamaze." Wakakubaliana. Halafu Babu Kipeo akasema, "Basi mimi nitakuwa napanda kilimani asubuhi, nimtumie mtoto somo lake kutokea kule." Mwalimu Mkuu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na miwani yenyewe haikuwa na vumbi.

Mwalimu Mkuu, utusamehe. Ulinyamaza kwa ajili yetu. Nasi tumesema kwa ajili yenu.

OMBI

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maombi mengine tuliyoandika, ya bando la walimu, ya benchi jipya na ya projekta yetu wenyewe ili Jumatatu nazo ziwe Jumanne, yanaweza kusubiri. Leo tunaomba moja tu: jiwe lisogee kidogo.

Upande wa pili wa uwanja, ilipokuwa stoo iliyobomoka, pana nafasi ya kutosha. Fundi mwashi, ambaye ni baba wa mmoja wetu, amepima akasema ardhi ya pale ni ngumu kuliko hii. Tulimwomba atuchimbie shimo la pili. Akatwambia, "Mimi kazi yangu kuchimba, wanangu. Pa kulaza jiwe atasema mwenye jiwe." Akachimba. Lile jamvi unaloliona kule, lenye chungu cha maua kila pembe, si pambo. Chini yake pana shimo, na utepe wake tumeshaufunga.

MWISHO

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, akuzidishie pale ulipotoa, na kila utakapoketi pawe na mtandao. Awabariki walimu wetu, walioweza kurudi kuwa wanafunzi mbele yetu bila kuona aibu. Awabariki na wale wa mbali waliotupa masomo yao bila kutujua.

Limebaki neno moja. Ile simu iliyo mezani kwako, kando ya chupa ya maji, hakuna aliyeisahau. Imeunganishwa na ya Kasuku tangu ulipoketi. Ukitega sikio utasikia cherehani. Na ikiwa huisikii, basi mama yake ameisimamisha ili naye akusikilize. Tunaomba jibu lako ulitamke karibu na simu hiyo, polepole, kwa maana mwenzetu atalirudia.

Ni sisi wanafunzi wa darasa la mwisho: wote tuliosimama mbele yako, na mmoja aliye hapo mezani.