Leseni Ambayo Sikuisoma

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu wa jumuiya, habari za jioni. Nimeambiwa nisimame niseme, basi nitasema, ila mnivumilie, maana kazi yangu ni ya kompyuta na wengine mtasinzia.

Mnaijua ile programu ya simu inayowaambia kina mama waanika dagaa kwamba mvua inakuja. Tuliiandika mimi na mwenzangu mmoja, tukaitoa huria: yeyote aitumie, aibadilishe, hata aiuze. Sasa, hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Unachukua vipande vilivyoandikwa na wengine, sisi tunaviita maktaba, unaviunganisha na kazi yako. Kila maktaba ina leseni, yaani masharti ya mwenyewe. Ile ya kuchora ramani ya mawingu sikuisoma leseni yake. Niliiona ipo wazi mtandaoni, nikajua ni ya wote.

Ndugu zangu, kuwa wazi si kuwa ya wote. Masika yalipoanza, mwenye maktaba akatuandikia, kwa upole kabisa: kazi yake hairuhusiwi kwenye biashara, na sisi tumewaambia watu wauze. Masharti hayo mawili hayakai nyumba moja.

Mwenzangu akasema, "Achana naye. Nani atakuja hadi Mwanza kutukagua?"

Nawaambia ukweli, nilishawishika. Ila mimi nimekulia Magu, baba akitunza ng'ombe wa watu. Maziwa tulikunywa, mbolea tulipeleka shambani, lakini ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe, na hakuna aliyethubutu kumpeleka mnadani. Kumbe mimi nilikuwa nagawa ndama wasio wangu. Niliona aibu.

Nikabishana na mwenzangu hadi akakubali, tukaizima programu. Kazi ikawa kwenda mwaloni, kule ufukweni wanakoanika dagaa, kuwaambia kina mama. Mmoja, dagaa wake wameshaloa, akanijibu, "Kwa hiyo wewe umeshika sheria, na mimi nimeshika dagaa waliooza?" Nililia njia nzima hadi nyumbani Kiseke.

Tukaanza kutafuta upya. Maktaba ya kwanza leseni yake ilikuwa nzuri, lakini ndani yake ilitegemea nyingine yenye masharti yale yale. Tukaiacha. Nyingine haikuwa na leseni kabisa, nayo tukaiacha, maana mwenyewe akinyamaza hajakuruhusu. Mwishowe yule yule mwenye ramani ndiye aliyetuelekeza kwenye maktaba inayopatana na leseni yetu, tukaiwasha programu tena.

Namshukuru yeye, namshukuru mwenzangu kwa kukubali kushindwa, na yule mama pia, ambaye amerudi kuitumia ingawa salamu bado ananipa za mkato. Ninachowaachia ni hiki: kabla hujajenga kwa kitu cha mwenzio, uliza amekupa nini na nini hakukupa. Uliza mapema, kabla dagaa wa watu hawajaanikwa.

Juzi nimesikia kina mama wa upande wa Busisi wamepata fundi wao, ameibadilisha programu yetu iseme Kizinza. Hawakuniomba ruhusa. Wala hawakulazimika kuniomba. Nimefurahi, ndugu zangu, mpaka nimeshindwa kukaa kimya.