Nafasi Nne Nilizoziacha Wazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wazee wetu, nawasalimu kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Nimesimama hapa na shukrani, na nimesimama na uchungu, na sitaficha kimoja ili kingine kipendeze. Mchungaji wetu mpya ameniomba ushuhuda mfupi wa ushindi. Nitautoa kama ulivyo. Atakayekasirika akasirike, ila asitoke kabla sijamaliza.

Mimi ni Yunisi, binti wa Mzee Madeje, mzee wa kanisa hili, yule pale benchi la kwanza aliyeweka kofia magotini. Mnanijua tangu naimba kwaya ya watoto hapa Gulwe. Kwetu tunalima mtama na karanga. Baba aliishia darasa la nne, mama hakuingia darasani kabisa. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, hata kwa kupeleka mzigo.

Nilitaka udaktari. Mdogo wangu alifia kwenye mkokoteni wa ng'ombe tukimpeleka hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Nikasoma sayansi, na kidato cha sita nikapata daraja la kwanza, B moja na C mbili. Mlipiga vigelegele humu ndani mpaka watu wa stesheni wakaja kuuliza nani anaolewa.

Nikasoma vigezo vya udaktari vya chuo kikuu kimoja kikubwa, nikaona ninavyo vyote. Ndugu zangu, hapo ndipo ujinga wetu ulipoanzia. Sisi tulidhani mwenye vigezo amechaguliwa. Hatukujua kwamba vigezo ni ruhusa ya kupanga foleni tu, na kwamba mbele ya foleni wamekwisha kusimama watoto wenye A tatu. Nani angetuambia? Aliyesoma kuliko wote kijijini nilikuwa mimi.

Tulijaza maombi ya chuo nyumbani kwetu, kwa simu ya mchungaji wa wakati ule. Ukurasa ulikuwa na nafasi tano za kozi. Ya kwanza nikajaza udaktari. Baba akauliza hizo nne nyingine ni za nini. Nikamweleza kuwa ukikosa ya kwanza wanakutazama kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya tano. Akasema neno ambalo nyote mnalikumbuka, maana mlilirudia hapa mbele kwa miezi.

"Imani haina chaguo la pili."

Mchungaji akasema amina. Na mimi nikasema amina. Sikulazimishwa, jamani, nisije nikamsingizia mtu. Nilijiona Danieli anayeshuka kwenye tundu la simba. Nikaacha nafasi nne wazi, nikatuma. Jumapili iliyofuata mkaanza kuniita daktari, na mama mmoja akanivuta pembeni anionyeshe goti lake linalomsumbua.

Majina yakatoka. Langu halikuwemo. Nilirudia orodha mara tatu nikidhani simu imeruka ukurasa.

Lakini uchungu wangu hauko hapo. Kukosa ni kukosa, watu wanakosa kila mwaka. Uchungu wangu ni kwamba dirisha la pili la maombi, awamu ya waliokosa, lilifunguliwa, na tangazo nililiona kwa macho yangu haya. Nikasema niombe kozi nyingine, hata uuguzi, hata maabara. Wamama wa maombi wakaniambia kuomba tena ni kumwambia Mungu ameshindwa. Wakasema tufunge, jina litaongezwa. Tukafunga siku saba. Mimi nimelala kifudifudi kwenye sakafu hii, midomo imekauka, na huko kwenye mtandao dirisha likafungwa. Hakuna jina lililoongezwa.

Baada ya hapo mkaanza kutafuta dhambi. Kama Mungu hakujibu, basi Yunisi ana kitu. Nikaulizwa kama nilikuwa na mwanamume shuleni. Nikaulizwa mbele ya watu, na mama yangu akiwepo. Nikatolewa kwenye kwaya mpaka nitubu. Nitubu nini? Nilikuwa na njaa ya siku saba na sina chuo, ndiyo makosa yangu yote. Na baba yangu, ambaye neno lile lilikuwa la kwake, alikaa kimya kwenye benchi lile lile alilokalia leo.

Nikaondoka bila kuaga. Nikaenda Dodoma kwa shangazi yangu, mtaa wa Area D, nikapata kazi kwenye steshenari, ya kutoa kopi na kuchapa barua. Na Mungu, kama vile yaliyonipata hayajanitosha, akanipa kiti cha mbele nione wenzetu wanavyofanya. Alikuja baba mmoja na binti yake. Binti ana C mbili na D, chini yangu mimi. Yule baba akavuta kiti, akapiga simu kwa rafiki zake wawili, akauliza wapi ushindani ni mkali na wapi ni mdogo, akaandika kwenye karatasi. Wakajaza nafasi zote tano. Baadaye binti alirudi kuchapisha barua ya kukubaliwa chuo, kozi ya afya. Nilimchapishia mimi, kwa mikono yangu. Yule baba hakuwa na imani kuliko baba yangu. Alikuwa amesoma chuo, basi.

Siku ile niliacha kuomba. Niliwachukia, ndugu zangu, nawaambia usoni. Nilimchukia baba kuliko wote. Alipiga simu, nikaiacha inaita. Alituma watu, nikawaambia sina baba. Chuki ile nililala nayo na kuamka nayo, na chakula cha shangazi kikawa hakina ladha.

Karibu mwaka ukapita, madirisha ya maombi yakafunguliwa tena. Asubuhi moja nikainua macho kaunta nikamwona baba amesimama nyuma ya wateja, kwenye foleni kama mtu yeyote, ameshika mfuko wa karanga. Zamu yake ikafika. Sikumpa shikamoo. Wazee mnaelewa mtoto wa Kigogo kumnyima baba yake shikamoo mbele za watu ni kitu gani. Nikamwuliza tu anataka kutoa kopi ya nini. Akavua kofia.

"Nilikuongoza njia ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuipita," akasema. "Nionyeshe ule ukurasa."

Nikaufungua. Akavuta kiti cha wateja akakaa kando yangu, akaniomba nimsomee nafasi moja moja ni ya nini, na safari hii akasikiliza. Halafu akasema, "Jaza zote tano, mwanangu. Mungu anajua kuhesabu."

Nililia pale kaunta, na watu wanangoja kopi zao. Nikamwambia, "Shikamoo, baba." Akajibu, "Marahaba, mwanangu." Tukaanza kujaza.

Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu. Msitafute mwingine. Nilikosa ya kwanza tena, nikakosa ya pili na ya tatu, nikachukuliwa kwenye ya nne, uuguzi. Sasa niko mwaka wa tatu. Udaktari ulinipita na bado unaniuma, hasa ninapoona mtoto anashushwa kwenye mkokoteni. Sitawadanganya kwamba nimesahau. Lakini chuki Bwana ameiondoa, na aliiondoa kwa mzee mmoja aliyekubali kupanga foleni. Jina lake lihimidiwe!

Sasa namalizia. Leo asubuhi mmempigia makofi Rehema, binti wa Mama Mazoya, kwa matokeo yake ya kidato cha sita. Anastahili. Ila nimewasikia pale nje mmekwisha kumwita daktari, na mwenyewe amenong'oneza kwamba atajaza chaguo moja, kwa imani. Rehema, mdogo wangu, mtumaini Mungu kwa moyo wako wote. Mimi nimemtumaini nikiwa mjinga, na nimemtumaini nikiwa nimejua, na alikuwa Mungu yule yule. Dirisha linafungwa Ijumaa. Tukitoka kwenye ibada, njoo kwenye meza ya watoto pale nyuma, nimebeba kompyuta. Baba yangu atakaa upande wako. Kusoma kunampa shida, lakini kuhesabu anajua, na hatakuruhusu uinuke mpaka zitimie tano.