Mzee Rudia Ashusha Kamera

Tarehe thelathini mwezi huu, mpiga video mkuu wa studio yetu, ambaye mji mzima unamwita Mzee Rudia, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudhuria harusi bila kadi ya mwaliko hata moja. Sidhani kama yupo mtu mwingine aliyeshuhudia mapenzi mengi kiasi hicho akiwa amefumba jicho moja.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alilichuma kazini, kwa sababu aliamini kwamba jambo likitokea mara ya kwanza huwa ni mazoezi tu. Bwana harusi akimvisha mwenzake pete, sauti ilisikika nyuma ya kamera: "Rudia, bwana harusi, kidole kimejificha." Mama mzazi akibubujikwa na machozi, aliombwa kwa adabu: "Rudia, mama, ila safari hii lilia upande wa taa." Na mama wa watu alirudia. Mara nyingi machozi ya pili yalitoka vizuri kuliko ya kwanza.

Siku moja betri ilimkatikia katikati ya ndoa, naye bila haya akamwomba mfungisha ndoa aulize upya kama kuna mwenye pingamizi. Mara ya kwanza ukumbi ulikuwa kimya. Mara ya pili, bibi mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa anataka kuuliza choo kiko wapi, lakini hadi hilo lijulikane, bwana harusi alikuwa tayari anapepewa na wasimamizi wawili.

Hayo ni ya ukumbini. Mzee mwenyewe alijihesabu fundi wa kuhariri. Kompyuta ilipoingia studio ilikuja na vikorombwezo vyake, naye aliona ni utovu wa adabu kuacha hata kimoja. Maharusi waligeuzwa kurasa za kitabu, wakazungushwa kama pangaboi, wakaelea ndani ya glasi, wakapaa juu ya maporomoko ya maji wasiyowahi kuyaona maishani. Mwendo wa polepole ndio usiseme. Bibi harusi mmoja alianza kushuka garini, sisi tukaenda kula, tukarudi na kukuta mguu wa pili bado uko ndani.

Tena alikuwa mtiifu kwa wateja, na wateja wana mambo. Kila familia ina mtu inayetaka aonekane na mtu inayetaka asionekane, na kwa bahati mbaya hao wawili hukaa meza moja. "Kuhariri ni kupunguza ndugu," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Ndivyo alivyojiingiza katika harusi ambayo studio haijaisahau. Bibi harusi alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na mke wa pili wa baba. Mwenyekiti wa kamati alikuwa shangazi yake, mwanamke ambaye hata MC alimwomba ruhusa ya kukohoa. Shangazi hakuwahi kumkubali mama huyo wa kambo. Alikuja akasimama nyuma ya kamera, akamnong'oneza Mzee kwa sauti iliyofika jikoni: "Yule aliyevaa zambarau sitaki kumwona kwenye video. Hata ukosi."

"Umesema, shangazi," akajibu Mzee.

Taabu ni kwamba mwenye zambarau alikuwa kila mahali. Ndiye aliyemvalisha binti shela, ndiye aliyemfuta jasho, ndiye aliyepita akiwaangalia wageni. Kumkata ilikuwa ni kumkata bibi harusi mwenyewe. Basi Mzee akamfunika. Kila alipotokea, akamwekea kopa kubwa jekundu linalodunda.

Siku ya kuitazama, ukoo ulijazana sebuleni kwa baba wa bibi harusi, mimi na Mzee tukaenda kuwasha mitambo. Mwanzoni watu walicheka. Kopa lilipita meza hadi meza likiwauliza wageni kama wameshiba. "Mbona kopa linatembea?" akauliza mjomba mmoja. Kisha likamkumbatia bibi harusi, na bibi harusi akalilia kifuani.

Hapo kicheko kikakatika. Mama wa kambo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, aliliweka chini taratibu akarudi jikoni.

Binti akainuka, akasimama mbele ya televisheni. "Hapo kwenye kopa ni mama yangu," akasema. "Zima."

"Mama yako yuko kaburini," shangazi akamjibu.

"Na huyo pia ni mama yangu. Ninao wawili, shangazi. Umemfuta mmoja, na yule mwingine hakukutuma."

Baba yake, aliyemwogopa dada yake tangu utotoni, aliinuka. Akapita mbele ya dada huyo, akamfuata mkewe jikoni. Kwa mtu mwingine ni hatua chache. Kwake yeye yalikuwa mapinduzi.

Tukafungasha mitambo, tukaondoka. Tulipokaribia studio ndipo Mzee aliposema: "Nimefanya ujinga kwa ufundi mkubwa."

Akaihariri upya. Aliondoa makopa, akaondoa maporomoko, akaondoa hata nyimbo. Pakabaki mwanamke wa zambarau, pini kazibana midomoni, anambana binti shela na kumwambia, "Tulia, mwanangu, nisikuchome." Na sauti ya shangazi ikabaki vilevile, safi kabisa: "Hata ukosi." Tulimuuliza bibi harusi kama tuifute. "Iacheni," akasema. "Nataka wanangu wawajue bibi zao wote."

Ilisifiwa kuliko kazi zake zote. Wateja walikuja wakiomba "kama ile," naye alikasirika kila mara. "Ile haina ufundi wowote," alinung'unika. "Ni watu tu wanaonekana!" Wiki iliyofuata alikuwa amesharudi kwenye maporomoko ya maji, na huko ndiko alikobaki hadi leo. Ila kitu kimoja kilibadilika. Kila aliyekuja kumwomba amfute ndugu, Mzee alimvutia kiti, akamuuliza kwa upole: "Kwani alikufanyia nini?" Wengi walianza kueleza kwa kishindo. Wachache sana walifika mwisho wa maelezo.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kutufundisha kushika kamera bila kutetemeka, na kwa kutufundisha, bila kukusudia, lini tuiache kompyuta ipumzike. Mkeo ametueleza kwamba tangu mlipooana hajawahi kukaa nawe Jumamosi moja nzima; husikia tu stendi ya kamera ikigonga mlango alfajiri, basi. Ametuomba, kwa lugha ambayo gazeti hili la wafanyakazi haliwezi kuichapa, tusikupigie simu.

Hatutapiga. Jumamosi zote zilizobaki ni zako na mama. Tunawatakia ziwe ndefu.