Kondoo wa Bi. Noelene Dacey

Bi. Noelene Dacey aliingia Maktaba ya Wilaya ya Wirrabilla tarehe 3 Februari 1986, amebeba taipureta yake mwenyewe kwa sababu alikuwa ameambiwa ya maktaba imekufa. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Ni miaka thelathini na tisa na miezi karibu kumi, chini ya mameya tisa, mafuriko mawili na paa moja lililoruka hadi uwanja wa kriketi. Katika muda huo wote aliugua siku nne, na moja kati ya hizo, tunavyojua sote, ilikuwa siku ya fainali ya raga.

Alianza kwa kupanga kadi, akawa mkuu wa sehemu ya vijana mwaka 1994, kisha mkutubi mkuu mwaka 2007. Gari la vitabu linalofika mashambani kila Alhamisi ni kazi yake. Hayo yamo kwenye faili la utumishi. Lisilomo ni rafu ya kondoo, na kwa kuwa mwezi Agosti tulikaribia kunyang'anywa rafu hiyo, wasifu huu utaizungumzia hata kama chai itapoa.

Mwaka 1998 Bi. Dacey aliagiza stika mia moja za kichwa cha kondoo dume, za kubandika migongoni mwa vitabu vya ufugaji. Akaongeza sifuri moja. Zikaja elfu. Wirrabilla ni mji wa sufu, lakini hata sisi hatuna vitabu elfu vya kondoo. Stika zikalala kwenye droo mpaka msichana mmoja wa miaka kumi na sita alipoizunguka rafu ya riwaya za vijana kwa siku tatu bila kufika kwenye meza ya kuazimia. Alitaka hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, na mezani alikaa shangazi yake. Bi. Dacey akakichukua kitabu, akakivika karatasi ya kaki, akabandika kondoo dume mgongoni, akamrudishia. Shangazi akagonga mhuri na kusema, "Vizuri, mwanangu. Angalau mmoja kwenye ukoo huu ana akili ya shamba."

Tangu hapo kila riwaya ya mvulana anayempenda mvulana, au msichana anayempenda msichana, ilipata kondoo wake. Vijana wakajua. Neno likatoka maktabani likaingia shuleni, na mtu akiulizwa "Wewe unasoma kondoo?" alijua anaulizwa nini, na kwamba anayeuliza si adui. Mwaka 2011 Chama cha Wafuga Kondoo kiliona kwenye ripoti yetu kwamba vijana wameazima vitabu vya kondoo mara mia nne na kumi na mbili, kikatuletea cheti cha kuhamasisha ufugaji. Bi. Dacey alikipokea kwa hotuba ya dakika tatu kuhusu mustakabali wa vijana wa wilaya hii, isiyo na uongo hata sentensi moja. Cheti bado kinaning'inia juu ya mashine ya fotokopi.

Alikuwa na kanuni moja ya kununua: anasoma ukurasa wa mwisho kwanza. Kwa miaka mingi watunzi wa riwaya hizi walikuwa na ugonjwa wa kumpa kijana busu moja kisha kumgongesha na lori, na wahakiki wakaita hiyo sanaa. Ni uvivu, na ni ukatili. "Huyu naye kafa," alikuwa akisema Bi. Dacey, na kitabu kinarudi kwenye boksi la muuzaji. "Mtoto wa hapa anataka kujua atafikaje darasa la kumi na mbili. Kufa hakuhitaji kufundishwa."

Mwandishi wa mistari hii aligombana naye kuhusu stika kwa miaka kumi na moja. Kuficha ni kukiri aibu, nilimwambia, na nikamletea hoja za wanafalsafa watatu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Wewe una miaka hamsini na mbili na mdomo mkubwa. Brodie ana kumi na tano, na baba yake ndiye dereva wa basi la shule. Kaa chini unywe chai."

Agosti mwaka huu siri ilipasuka. Neville Trask, mfugaji wa miaka sabini na mmoja, alikuwa na kondoo walioshikwa na ugonjwa wa kwato. Akachukua vitabu vitatu vyenye stika ya kondoo, kimoja kikiwa na picha ya zizi kwenye jalada. Baada ya wiki alirudi.

"Noelene, nimesoma kurasa mia mbili namngoja kondoo atokee. Hatokei."

"Wapo mwanzoni, Neville. Pale zizini."

"Wanapita tu. Kazi yote ni ya vijana wawili wanaobusiana kwenye ghala la sufu. Na kukata sufu hawajui, wanashika mkasi kama kijiko."

"Basi nipe nikirudishe."

"Kirudishe. Ila nauliza kama kuna cha pili. Yule baba kamfukuza mwanawe, halafu kitabu kinaisha amekaa uani na mbwa. Anamtafuta au hamtafuti?"

"Chukua cha pili usome mwenyewe."

Nyuma yake kwenye foleni alisimama Diwani Glenys Pomfret na kitabu cha mapishi. Kufikia Jumatatu hoja ilikuwa mezani pa halmashauri: vitabu vyote vyenye alama ya kondoo vifungiwe kabatini, na atakayevitaka alete barua ya mzazi. Soma tena hapo. Brodie akaombe barua kwa baba yake, akiwa ndani ya basi la baba yake. Wanaoandika hoja kama hii hujiita walinzi wa watoto, na sijawahi kuona mlinzi anayeanza kazi kwa kufunga mlango wa kutokea.

Kwa kikao cha tarehe 19 Agosti nilikuwa nimeandaa kurasa kumi na moja. Bi. Dacey aliomba azisome, akazitia kwenye mkoba wake na kuufunga. "Utatupotezea kura," akasema. Aliyesimama ni Neville, kofia mkononi.

"Naona imeandikwa vitabu vyote vya kondoo. Kwa hiyo kondoo wangu wakioza kwato, nilete barua ya mama? Mama alikufa mwaka themanini na tisa."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata meya. Neville hakucheka.

"Na vile vingine pia viacheni. Mwanangu Craig hajakanyaga nyumbani miaka kumi na minne. Nilimwambia neno moja tu, pale uani. Laiti ningekuwa nimesoma kwanza."

Hoja ilianguka kwa kura tano dhidi ya mbili.

Siri ikiwa imekwisha, Bi. Dacey alichukua kisu butu aanze kubandua stika, nami nikajiona mshindi kwa muda wa kama saa moja. Vijana sita walikuja baada ya shule, Brodie mbele. "Bi. Dacey, tafadhali usitubandulie kondoo wetu." Kwa hiyo stika zimebaki, karatasi za kaki zimevuliwa, na juu ya rafu kuna kibao chenye herufi kubwa: KONDOO. Mimi na wanafalsafa wangu tumekaa chini tukanywa chai.

Kitabu cha pili Neville hakukirudisha. Alikituma kwa posta hadi jiji la Adelaide, kinyume na kanuni zetu zote, na Bi. Dacey akaacha kuuliza. Jumanne iliyopita mwanamume wa miaka arobaini na mitatu alikiweka mezani.

"Mzee kasema nikirudishe mwenyewe. Yuko nje kwenye gari, anaona haya."

"Mwambie amekichelewesha wiki tisa," alisema Bi. Dacey, "na aingie ndani, kuna keki."

Akaingia. Craig akamvutia kiti.

Noelene, wafanyakazi wenzako tunakushukuru, na droo yenye stika mia moja sitini na tatu zilizobaki tumeipokea. Nenda kapumzike, na kila kitabu utakachofungua huko kiwe na ukurasa wa mwisho ambao ungeukubali.